Ayeeyo Aliwapa Samaki Wangu Maji Matamu

Mhariri, jina langu libaki kwako tafadhali. Hapa Garissa sijasikia nyumba nyingine yenye samaki hai sebuleni, kwa hiyo anayenijua atanijua tu. Lakini nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili. Nilizaliwa Mombasa na kulelewa kwa mama. Mama alipofariki, baba akanichukua akanileta huku kwao. Shuleni nimesoma Kiswahili na Kiingereza. Kisomali, lugha ya baba yangu, nakielewa kikisemwa polepole, lakini nikitaka kujibu ulimi unakuwa mzito na watu wanacheka. Basi nikaacha kujibu. Darasani wananiita mtoto wa bwani, yaani pwani, maana huku p wanaitamka b. "We mtoto wa bwani, leo umekula samaki wangabi?" Wanacheka, nami natazama daftari langu. Kuna siku zinapita sijatamka neno ila "salamu alaikum".

Mjomba wangu, kaka yake mama, kazi yake ni kuzamia samaki wa mapambo wanaouzwa nje. Alipokuja kuniona likizo, akaniona nimekonda, akasema, "Mwanangu, nitakuletea kipande cha kwenu." Sikumwelewa. Safari iliyofuata akaja na lori la rafiki yake, na humo mna sanduku la kioo alilolibandika mwenyewe, mitungi minne ya maji ya bahari, na mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa magazeti mabichi. Baba alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wallahi, watu wa huku wanafuga mbuzi. Wewe unafuga maji?" Lakini alicheka, akaniachia kona karibu na soketi, ya kuchomekea pampu ya maji.

Mjomba aliniambia nisiwe na haraka. Wiki sita nzima hakukuwa na samaki, mawe tu. Mwanzo yalinuka hadi nikaona aibu. Halafu asubuhi moja nikaona kitu hai kama unyoya mwekundu kinachomoza tunduni mwa jiwe, nikikisogelea kinarudi ndani. Nilifurahi nikatafuta mtu wa kumwita. Sikuwa na mtu. Baadaye akaniletea samaki wawili wadogo, rangi ya chungwa na mistari myeupe, pamoja na kaa anayetembea na gamba la konokono. Nilikuwa nikitoka shule nawasimulia mambo yote, kwa Kiswahili, kwa sauti.

Kwa joto la huku maji yanapungua kila siku. Mjomba alibandika plasta kwenye kioo, akaniambia maji yakishuka chini ya hapo niongeze matamu, yaani yasiyo na chumvi, kikombe kimoja tu, kwa sababu yanayopaa ni maji, chumvi inabaki. Nikafanya hivyo kila siku.

Sasa, tunaishi na ayeeyo, yaani bibi mzaa baba. Aliletwa kutoka upande wa Tarbaj baada ya ukame kummalizia mifugo. Ngamia wake walikufa mmoja mmoja mbele yake, kwa kiu. Macho yake sasa yana ukungu. Kiswahili hajui hata kidogo. Alikuwa anakaa mkekani ananiangalia nikimimina kile kikombe, na mimi sikuwahi kumweleza. Nilijiambia Kisomali changu hakitoshi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa.

Siku hiyo nilirudi shule nikamkuta ameketi kando ya sanduku, nguo zimelowa hadi magotini, uso unang'aa. Alikuwa ameyaonja yale maji akayakuta machungu ya chumvi. Akayateka yote kwa kata akamwaga uani, akajaza mtungi mzima wa maji ya kunywa, yale yaliyoletwa na punda asubuhi. "Biyo macaan," akaniambia. Maji matamu. Kisha akanigombeza kwa upole, polepole ili nielewe: viumbe wa Mungu wote hawa, binti yangu, na wewe unawapa kikombe kimoja?

Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu chini. Wa pili bado alikuwa anapumua. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Umewaua! Umewaua, ayeeyo!" Akanishika kichwa akanibusu. Alidhani namshukuru.

Wa pili naye alipokufa, niliwazika wote uani, na kaa pia, chini ya mwarobaini. Alipouliza mbona hawaonekani, nikasema wako chini ya mawe. Sentensi hiyo ya Kisomali niliitoa sawasawa bila kukosea, na ilikuwa uongo.

Tangu siku hiyo ayeeyo anabakisha maji kwenye kikombe chake na kuyamimina mle, kwenye mawe yaliyokufa. Ananiita tukae pamoja. Ananisimulia habari za ngamia wake, kila mmoja na jina lake, na mimi nimeanza kujibu neno moja moja. Nikikosea hacheki. Tangu mama afariki sijawahi kukaa na mtu hivyo. Juzi akaniambia kwamba siku ya kiyama samaki hawa watamtolea ushahidi kuwa aliwanywesha.

Mjomba ameandika barua. Shule zikifungwa anakuja na maji mengine na samaki wengine. Nikinyamaza, ayeeyo atawanywesha tena na watakufa tena. Nikimwambia, nitamnyang'anya ushahidi wake wa kiyama, na labda hataniita tena mkekani. Nimemwandikia mjomba asije. Barua iko ndani ya daftari, sijaituma.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu, wenye bibi na mliowahi kuwa nao, niambieni. Nimwambie? Na kama nimwambie, naanzaje? Neno la "kufa" kwa Kisomali nalijua. La "usihuzunike" silijui, na wa kumuuliza bila kuchekwa ni yeye tu.