Wakiuru wa Gatitu na Mlango Ulioliwa na Kostiki

Saa moja asubuhi ukungu bado umetanda Gatitu, na Wakiuru Mwai, 47, amekwisha kupiga magoti mbele ya boneti ya Landrova kuukuu. Anaisugua kwa siki na brashi laini. Kutu ya alumini, unga mweupe uliojazana kuzunguka bolti za chuma, inatoka polepole. Vidole vyake vimepasuka.

Kazi hii alifundishwa na marehemu mumewe, Muriithi. Tangu afariki miaka sita iliyopita, Wakiuru anaifanya peke yake. Boneti moja humchukua siku tatu na kumpa shilingi elfu nne. Lakini wateja wakiingia gereji, sifa humwagiwa shemeji yake, Ngatia, fundi wa vyuma anayefanya kazi naye hapo, naye huzipokea bila haya.

Machi mwaka huu mambo yaliharibika. Abdiaziz, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, alileta mlango wa alumini wa gari aliloachiwa na babake. Wakiuru alikuwa ameenda Karatina kununua msasa. Ngatia akajitia kimbelembele, akautumbukiza mlango kwenye tangi la kostiki, dawa kali anayochubulia rangi. Chuma hutoka humo kikiwa safi. Alumini huliwa.

"Nilirudi nikapata inachemka kama uji," anasema Wakiuru. "Ilikuwa na matundu, unapitisha kidole."

Mwenye gari alipokuja, Ngatia alimwambia aliyekosea ni Wakiuru. Abdiaziz hakuuliza swali hata moja. Wakiuru alijaribu kujieleza, lakini mwanamume yule alikuwa ameshampa mgongo. Habari zilifika Nanyuki kabla ya wiki kwisha, na wateja wanne wakachukua vipuri vyao.

Wakiuru anaendelea kusugua. "Miaka hiyo yote kazi ikitoka poa ni ya Ngatia. Hiyo mlango ndiyo kazi ya kwanza watu walikubali ati ni yangu."

Hajamsamehe Ngatia, wala hasemi atamsamehe.

Desemba anahamia Sagana, kwenye kibanda cha mabati alichokodi karibu na njia panda. Ngatia amecheka, akasema atarudi kabla ya Pasaka. Wakiuru mwenyewe hana hakika kama wateja watamfuata.

"Hapa wakiniuliza fundi yuko wapi, wanaangalia nyuma yangu," anasema, akikunja msasa mpya. "Huko Sagana, nyuma yangu kutakuwa na mabati tu. Wataongea na mimi ama waende."