Nizimie Hiyo Taa

Mume wangu ni kinyozi, na mkono wa kinyozi haufai kutetemeka. Tulipokuwa na gari la Kijerumani, mkono wake ulitetemeka. Siku moja alikuwa anamnyoa ndevu mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mimi nakunja taulo pembeni, wembe ukateleza chini ya sikio. Mwalimu alichukua taulo akajifuta damu, lakini namna alivyomtazama mume wangu kwenye kioo, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Gari lile hatukulinunua kwa kujionyesha, ingawa watu walisema yao. Tulilinunua kwa ajili ya mama mkwe. Figo zake zilikuwa zimeacha kazi, na mara tatu kwa wiki ilibidi ashuke kutoka kwetu mlimani hadi hospitali kubwa, alale kando ya mashine, damu yake itolewe, isafishwe, irudishwe. Kwenye mkono wake wa kushoto madaktari walikuwa wameunganisha mishipa miwili ikawa mmoja mnene, na hapo ndipo sindano zinapoingia. Ukiugusa unasikia mngurumo chini ya ngozi. Mngurumo huo ndio uhai wake. Daktari alituambia bila kuzunguka: mkono huu usibanwe, usigongwe, usibebe hata ndoo. Ule wa kulia walishaujaribu ukakataa. Huu ukiziba, hakuna mwingine.

Sasa mchukue mgonjwa wa namna hiyo umpandishe kwenye gari la kukodi, katika barabara yetu yenye mashimo ya kuzikia ng'ombe. Kila shimo Mama anauma meno na kuukumbatia mkono wake. Ndipo mkandarasi mmoja, mteja wa siku nyingi, akiwa na povu hadi puani, akasema anauza gari lake. "Hili halipiti kwenye shimo," alimwambia mume wangu. "Linaelea juu yake." Kinyozi akauweka wembe chini. Hakuuliza kingine. Hakuuliza hata kwa nini mtu mwenye akili zake timamu auze kitu kinachoelea, tena kwa bei ya kutupa.

Na kweli lilielea. Siku ya kwanza Mama alikaa kiti cha nyuma, akapapasa ngozi ya kiti, akanyoosha miguu. "Hii ni sebule," akasema. Tulifika hospitali hajauma meno hata mara moja. Mume wangu alishuka akalizunguka gari akitabasamu peke yake. Tabasamu lile lilidumu mpaka asubuhi iliyofuata, tulipolikuta limechuchumaa uani.

Kumbe magari yale hayakai juu ya springi za chuma. Yanabebwa na mifuko ya upepo, na ya kwetu ilishazeeka. Usiku linatoa pumzi, asubuhi tumbo liko chini. Ukiliwasha linainuka taratibu, upande mmoja kwanza, huku likiguna. Jirani yetu muuza mkaa alikuwa anakuja na mswaki mdomoni kuangalia sinema ya bure.

"Leo limeamka?"

"Limeamka."

"Haya, washa haraka kabla halijabadili mawazo."

Mimi nilicheka. Mume wangu hakucheka. Huyu ni mtu aliyezaliwa mwoga, nalijua hilo tangu uchumba. Akifunga mlango anarudi kuusukuma, akifika njia panda anaanza kujiuliza kama aliusukuma kweli. Ukamtoa mtu wa aina hiyo ukamweka mbele ya usukani wenye taa za kila rangi, maandishi ya Kijerumani, na mwanamke asiyeonekana anayekufokea Kijerumani ukirudi nyuma! Usiku alikuwa anaamka kwenda dirishani kuliangalia. Kwenye kiti cha kunyolea kila mteja alikuwa na ushauri wake. Huyu anasema ni plagi, yule anasema ni betri, mwingine anasema liuze mapema, shemeji yake alikuwa nalo likamwacha porini. Kila ushauri ulimwongezea hofu mpya. Nilianza kulichukia gari lile. Nilikuwa na mume mmoja, likanirudishia nusu.

Fundi wetu tulimwita Kompyuta, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na mashine ya kuchomeka chini ya usukani ikasoma gari linaumwa nini. Na pale gereji kwake walikuwa na lugha yao. Hakuna aliyesema tengeneza. Wote walisema zima. "Nimekuja unizimie taa ya injini." "Ile ya upepo umeshaizima?" Mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa huo tu: sensa imechakaa inasema uongo, Kompyuta anabonyeza, taa inazimika, mtu anaondoka zake. Mume wangu aliishika lugha hiyo upesi kuliko alivyowahi kushika kitu chochote. Naona ilimtuliza. Taa ikiwaka roho inampaa, ikizimika anakula chakula chake vizuri. Kidogo kidogo akaacha kuuliza gari lina nini, akawa anauliza taa zimebaki ngapi.

Kisha ikawaka ile nyekundu, ya duara. Aliyeiona kwanza ni Mama, kwa sababu kutoka kiti cha nyuma alikuwa anachungulia katikati yetu.

"Baba, hicho chekundu ni nini?" Humwita mwanawe Baba.

"Pambo tu, Mama."

"Pambo gani linawaka tukiteremka tu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mlimani ilikuwa imezimika. Gari likiinamisha pua kwenye mteremko, inawaka. Tangu siku ile Mama hakustarehe tena. Alifunga mkanda, akashika kishikio cha mlangoni kwa mkono wake mzima, midomo ikawa inacheza kwa sala mpaka tufike bondeni. Mume wangu alimwona kwenye kioo. Hofu yake mwenyewe aliizoea, lakini ya mama yake ilimshinda. Usiku aliniambia, "Nimemnunulia kiti cha kupumzikia, kimekuwa kiti cha kuombea roho yake." Alisema hivyo akageukia ukutani.

Kesho yake tulikwenda wote gereji. Kompyuta alikuwa chini ya lori, tukaongea na miguu yake.

"Kaka, nizimie ile taa nyekundu. Inamtisha mama."

"Ya duara?"

"Ya duara."

"Liache hapo. Jioni njoo ulichukue."

Jioni likawa tayari. Mume wangu aliliwasha, taa hakuna. Akateremka nalo mpaka mwisho wa mtaa wa gereji, penye kamteremko, taa hakuna. "Imezimika?" akauliza tena, kama kawaida yake. "Imezimika, mzee. Hiyo haikusumbui tena," Kompyuta akajibu huku anafuta mikono. Mimi nikauliza ilikuwa na nini. Akacheka. "Hawa Wajerumani wana kelele tu, mama."

Wiki iliyofuata ilikuwa nzuri, sitakataa. Mume wangu alinyoa akipiga mluzi. Muuza mkaa alimwonyesha unyevu karibu na gurudumu la mbele, akamjibu kwa madaha kwamba ni maji ya kiyoyozi, magari makubwa yanajikojolea hivyo. Na Mama alianza kulala njiani. Tulikuwa hatujafika hata kona ya kwanza, kichwa kimeshaegemea dirisha, mdomo wazi, anakoroma polepole. Mume wangu alinigusa goti nimwangalie. Alijisikia mtoto aliyemtimizia mzazi wake haja, na uso wake ukarudi kuwa ule wa mtu aliyenioa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida, barabara kavu. Tulipita kona ya kwanza. Kwenye ya pili nilimwona anakanyaga breki, kisha anakanyaga tena, haraka haraka. Nikatazama mguu wake. Pedali ilikuwa imelala sakafuni.

"Nini?" nikamuuliza.

"Haipo," akasema. "Breki haipo."

Sijui nilipiga kelele gani. Namjua tu mtu aliyekuwa kando yangu: jasho lilimtoka papo hapo, midomo ikawa ya kijivu. Nikamwambia, "Vuta hendibreki!" Mkono wake ukashuka katikati ya viti kutafuta kile kigongo cha kuvuta, ukapapasa, ukapapasa, haukukuta kitu. Gari lile halina. Lina kitufe kidogo sehemu fulani, na mwaka mzima hatukuwahi kuambiwa kiko wapi. Miti ilianza kupita upesi. Sauti haikuwepo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Lilikuwa linaelea vilevile, laini kama siku ya kwanza, na nyuma yetu Mama anakoroma.

Chini ya kona ya tatu kuna soko, na asubuhi watu wanapanga nyanya mpaka kwenye lami. Mume wangu aliliona, nami nililiona. Kabla ya soko kulikuwa na nyumba inayojengwa na lundo la mchanga kando ya barabara. Akaukata usukani kwa mikono yote miwili. Wakati ule mikono yake haikutetemeka hata kidogo, namshuhudia kwa hilo. Tuliingia mchangani kwa kishindo, mifuko ya usalama ikafumka usoni petu kwa mlio wa baruti, kisha kukawa na vumbi na kimya.

Nilipogeuka, Mama hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amerushwa mbele, amekwama kati ya viti vyetu viwili, na mkono wa kushoto uko chini yake.

Tulimtoa kwa msaada wa mafundi wa ile nyumba. Alikuwa anaongea, anauliza kama tumefika. Paji la uso lilikuwa limechubuka, lakini hakuna aliyelitazama. Mume wangu alipiga magoti mchangani, akaukunjua mkono wa mama yake polepole, akaweka vidole juu ya mshipa. Ulikuwa umeanza kuvimba. Aliweka vidole, akavitoa, akaviweka tena. "Sisikii," akaniambia. "Weka wewe." Nikaweka mimi. Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka mno, sikuweza kujua ni mshipa unaonguruma au ni mimi.

Mwenye pikapu ya matofali alitubeba. Mama alikaa mbele na dereva, sisi nyuma juu ya matofali. Njiani mume wangu alimpigia fundi simu, akaiweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake yalikuwa bado yanalia.

"Si uliniambia umeizima taa?"

"Niliizima, mzee. Mashine ilikataa, ikabidi nifungue ule ubao wa taa niweke utepe mweusi juu ya kitaa. Imewaka tena?"

"Na breki? Ile taa si ndiyo ya breki?"

"Breki? Mzee, uliniambia habari ya breki?"

Mume wangu aliitazama simu mpaka ikakatika yenyewe. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia yule fundi, mengine ya matusi, lakini nilipomtazama mume wangu yote yalinikauka mdomoni.

Hospitali walimlaza Mama moja kwa moja kwenye kitanda chake cha siku zote. Muuguzi mkubwa, mama mmoja mnene asiyependa mazungumzo, alibonyeza uvimbe, akakunja uso. Akaweka vidole. Akachukua kile kifaa cha kusikilizia, akakiweka juu kidogo ya kiwiko, akainamisha kichwa. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Mume wangu alikuwa ameshika chuma cha kitanda, nami nilikuwa nimemshika yeye shati kwa nyuma.

"Upo," muuguzi akasema. "Umejificha chini ya uvimbe, lakini upo. Leo tutachoma juu zaidi. Ila jamani, mgonjwa huyu hamumfungi mkanda?"

Mama ndiye aliyejibu, tena kwa kututetea.

"Wasilaumiwe hawa, mwanangu. Mkanda unaubana huu mkono. Nilikuwa naufunga kwa sababu ya taa moja nyekundu iliyokuwa inanitia hofu. Ilipozimika nikajua Baba ametengeneza. Nikasema basi, sasa naweza kukaa huru." Akamtazama mwanawe na kumtabasamia, na mchanga bado uko kwenye nyusi zake. "Si ulitengeneza?"

Angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo, na ningeapa.

"Sikutengeneza, Mama," akasema. "Nilizima tu."

Muuguzi aliingiza sindano ya kwanza, akaingiza ya pili, akafungua mashine, na damu ikaanza kupanda kwenye mpira. Mama aliifuata kwa macho mpaka ilipoingia ndani ya mashine, kisha akageuza uso.

"Na mimi nikalala," akasema.