Wosia wa Mama Hamisi na Pango la Barafu

Kwa miaka miwili mizima niliamini, kama ninavyoamini kwamba korosho ina ganda, kuwa nyaraka zote za klaudi hukaa ndani ya pango la barafu ng'ambo, zikilindwa na watu mia tatu waliochaguliwa kwa sifa moja tu: hawajui Kiswahili hata neno. Aliyeniambia ni fundi kompyuta mmoja wa Masasi, akiwa na bisibisi mkononi, na mtu mwenye bisibisi mimi humwamini. Nyinyi makarani wa leo mtacheka. Chekeni tu.

Siku yangu ya kwanza kazini, karani wa ofisi ya mawakili hapo Masasi, nilivaa suruali yenye mkunjo wa kukata muhogo. Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kumzidi mwalimu. Wakili Mwandamizi hakukitazama. Alinionyesha kabati la chuma, zito kiasi kwamba lingeanguka, watu wa Lindi wangekimbilia nje.

"Hili lina kufuli," akasema. "Wewe una nini?"

"Nina mdomo, Mheshimiwa."

"Basi nao una kufuli kuanzia leo. Hata kwamba mtu amefika hapa ni siri yake."

Hiyo ndiyo siri ya mteja: anachomwambia wakili wake hakitoki, na karani anabanwa nayo sawasawa na wakili. Niliishika. Mke wangu alipata habari za kesi kwa muuza ndizi, na mimi nimekaa naye meza moja nikitafuna.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Newala, chini ya Mama Wakili, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, na kwa ukali angeweza kunizaa yeye. Ndiye aliyetuletea klaudi, yaani kuhifadhi mafaili kwenye kompyuta za kampuni nyingine, mbali, na kuyafungua kwa intaneti. Kabla ya kukubali alisoma mkataba wa kampuni ile mstari kwa mstari: taarifa zitakaa nchi gani, nani ataweza kuzifungua, zikivuja tutaambiwa lini. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilikuwa mezani kwake kama msahafu. Alinieleza kwamba kampuni ni mchakataji tu, mtunzaji kwa niaba yetu. Mwenye kujibu ni sisi.

"Kazi ya kutunza unaweza kumpa mwenzio," alisema. "Lawama huwezi."

Nilisikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa pangoni kwenye barafu. Tena nikaongeza ulinzi niliobuni mwenyewe: faili sikuliita kwa jina la mteja, nililiita kwa maelezo. Mtu wa ng'ambo atajuaje?

Ndipo akaja Mama Hamisi wa Kitangari. Alitaka kuandika wosia: mikorosho michache ya njia ya kisimani, ndani ya theluthi anayoruhusiwa na dini, imwendee Zuhura, binti wa marehemu dada yake, aliyemtekea maji miaka yote ya ugonjwa. Alisema mbele yangu, "Hamisi akijua leo, kesho atamfukuza Zuhura hapa kwangu. Na mimi nitabaki na nani wa kuniinua kitandani?" Tukaahidi.

Siku ya kutia saini ikakaribia, printa yetu ikagoma. Nikavuka barabara hadi steshenari. Nikampa mwenye duka kiungo, ile anwani ya kufungulia faili, nikiwa nimeruhusu kila mwenye kiungo afungue, ili asisumbuke na nywila. Kwenye kioo, mbele ya wateja waliosubiri kutoa kopi, likatokea jina la faili: *Wosia, mama wa mikorosho ya njia ya kisimani, Kitangari.*

Mnunuzi mmoja wa ufuta akasema, "Kha! Mama Hamisi huyo. Kumbe hali ni mbaya?"

Nilichukua karatasi zangu nikaondoka na tabasamu. Pango lilikuwa salama!

Kesho yake asubuhi Hamisi aliingia ofisini, na hata kabla ya salamu akauliza, "Mama yangu ameandika nini hapa?"

Mama Wakili hakuinuka. "Kaa, baba. Hata mama yako angekuwa anakuja hapa kila siku, nisingekuambia rangi ya kanga yake. Na asingekuja, nisingekuambia pia."

"Mimi ni mwanawe!"

"Muulize yeye, basi, kama mwana."

Alipotoka, Mama Wakili alinigeukia, na mimi nikapungua kilo kumi hapo hapo, nikamweleza ya steshenari. Alikifunga kile kiungo, akakagua kumbukumbu za faili: lilifunguliwa mara moja tu, pale steshenari. Yaliyomo hayakusomwa na mwingine. Lakini hakusema tunyamaze. Alisema, "Mwenye siri ataambiwa, na utamwambia wewe."

Nimestaafu sasa, niko kwetu Chiwata na mikorosho yangu ambayo, bila kujisifu, inazaa hadi kwenye kivuli. Vijana hunijia kuuliza habari za klaudi. Nawaambia ni chombo kizuri, kitumieni kwa kujiamini: someni mkataba, wekeni nywila ngumu, kila faili lipewe watu wake kwa majina, jina la faili liwe namba. Yote hayo Mama Wakili alinifundisha. Ila lililoninyoosha nilipewa na mtu asiyejua kusoma.

Kesho yake baada ya Hamisi kutuvamia ofisini, nilikwenda Kitangari na karatasi za wosia, nikamkuta Mama Hamisi amekaa mkekani, Zuhura akimimina maji kwenye mtungi. Nikampa shikamoo, nikaomba Zuhura atupishe, nikaungama yote. Kisha nikajitetea kwa pango, barafu, na watu mia tatu wasiojua Kiswahili.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Hamisi kaja jana," akasema. "Nimemwambia naandika wosia kama Waislamu wote, na atausikia nikishazikwa. Kanuna, kaondoka. Zuhura yupo." Akanyoosha dole gumba. "Wino uko wapi?"

Nikatoa kidau cha wino mfukoni.

"Na wewe, baba," akaongeza, "huyo wa kwenye barafu hanijui, wala hana haja na mikorosho yangu. Wenye haja nayo wako hapa Kitangari. Wafiche hao siri yangu."