Siku Niliposhukuriwa kwa Kuzaa

Mapacha wangu walipofikisha miezi mitano, baba yangu alikuwa hajawabeba hata mara moja. Sikuwa na mume, na kwetu Mundika mtu akisikia umejifungua haulizi kama mtoto ni mzima. Anauliza ni wa nani. Siku niliyorudi nao nyumbani, baba aliniambia, "Wacha baba yao akuje hapa na wazee wake. Hapo ndio nitawashika." Baba yao alikuwa ameshabadilisha namba ya simu. Nami nimerithi kiburi cha mzee, kwa hiyo sikumbembeleza.

Nilikuwa nikivuka mpaka kwenda Busia ya Uganda kununua matoke ya kuuza, watoto nikimwachia mama. Jumamosi moja mama akaenda matangani Khunyangu. Baba, aliyetaka kununua jembe ng'ambo, akakubali tufuatane mradi asibebeshwe mtu. Nikamfunga mmoja mgongoni, mwingine kifuani, nikatembea nyuma yake jasho likinitoka, yeye amebeba mwavuli. Nilikasirika, nisiseme uongo.

Mama aliyekuwa akiniuzia ndizi, Mganda mwenye kicheko kikubwa, hakuwa amewahi kuwaona wanangu. Aliwaacha wateja wake wamesimama.

"Nalongo!" akapaza sauti, yaani mama wa mapacha, na kwao hicho ni cheo. "Kumbe wewe ni Nalongo na unanyamaza tu! Webale kuzaala."

Ndivyo wanavyomwambia mzazi upande ule: asante kwa kuzaa. Kwetu nilikuwa nimeulizwa, nimesemwa, nimeombewa kanisani. Kushukuriwa, bado. Machozi yalinilengalenga pale sokoni.

Kisha akapiga magoti mbele ya baba, juu ya maganda ya ndizi, akamshukuru yeye pia kwa wajukuu. Baba akavua kofia. Lakini hata huko heshima haiji bila swali.

"Na Salongo ako wapi?" yule mama akauliza. "Baba ya mapacha hawezi kosa. Kuna mambo ya mila ya kufanya."

Nikatazama chini. Nilijua baba atatoa jibu lake la siku zote, na safari hii mbele ya watu.

"Hayuko," baba akasema. Akakohoa kidogo. "Lakini hawa watoto wako na kwao. Kama ni mambo ya kufanya, ambia mimi."

Yule mama akacheka, akamwambia jambo la kwanza ni kumpunguzia binti mzigo. Baba akanyoosha mikono, nami nikamfungulia wa kifuani. Jembe hatukununua.

Tulipovuka kurudi upande wetu, mwendesha boda mmoja wa kijijini akamtania, "Mzee, leo umekuwa yaya! Umebeba nani huyo?"

"Huyu ndio mkubwa," baba akajibu bila kusimama. "Mdogo ako na mamake."

Mimi ndiye niliyesimama. Wanangu wanafanana kabisa. Hata mama yangu, aliyewaogesha kila siku, alikuwa bado akiwachanganya. Baba hakuwa amekosea.