Nilitia alama kwenye kadi, mume wangu hakumeza dawa

(Mama huyu ametuandikia inboksi akaomba tumfichie jina. Majina ya humu tumeyabadilisha. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote.)

Hamjambo wanangu. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, naishi kijiji kimoja huku Bunda. Naandika mwenyewe kwa simu, pole pole, mnivumilie. Jambo hili sijamwambia mtu, hata padri.

Niliolewa mdogo. Tulikuwaga tunaishi kwenye boma la ukoo, mbali na watu, na pamba yetu na ng'ombe wetu. Ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Tukabomoa nyumba, tukapangwa kwenye mistari, mlango kwa mlango na watu tusiowajua. Jirani yetu alikuwa mjane, nitamwita Mama Nyangeta, na mtoto wake wa kiume mgongoni. Binti yangu Rebeka, wa miaka mitatu, alikuwa anashinda kwake, wanakula pamoja ugali wa muhogo na dagaa.

Mume wangu akaanza kukohoa damu. Zahanati wakasema ni kifua kikuu: sindano miezi miwili, halafu vidonge mwaka mzima bila kuruka siku. Mganga wa zahanati akaniita mimi pembeni, kwa sababu nilishajua kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Akanipa kadi.

"Mama, wewe ndiye jicho langu. Akimeza, weka alama ya vema. Asipomeza, acha wazi, nitakuja kuongea naye mimi. Usimwonee haya."

Mwezi wa nne wa matibabu mume wangu alikuwa amenenepa. Vidonge vilikuwa vinamtapisha, lakini hiyo siyo iliyomshinda. Iliyomshinda ni aibu. Kwenye shamba la kijiji walimtengea kikombe chake cha maji, na akikaa upande huu wao wanahamia ule. Siku moja akarudi kutoka huko, akanirudishia kile kidonge mkononi.

"Nikimeza mimi ni mgonjwa. Nikiacha, nimepona."

"Na kadi?"

"Kadi si unaandika wewe?"

Nikaandika. Nikisema nilimwogopa nitakuwa naongopa, hajawahi kunipiga. Nilipenda tu kumwona anacheka tena na wanaume wenzake. Kila asubuhi natia vema, kidonge nakitupa chooni. Mwisho wa mwezi mganga akanisifu mbele ya akina mama: "Mngekuwa wote kama huyu!" Nikarudi nyumbani nimefurahi kabisa, Mungu anisamehe.

Halafu Rebeka akashikwa na homa isiyoisha. Akawa analala mchana kutwa, kisha shingo ikakakamaa. Tukapanda lori la pamba tukampeleka hospitali Musoma. Daktari akaniuliza, tukiwa wawili tu: "Nyumbani kuna mtu mwenye kifua?"

"Baba yake. Lakini anatibiwa."

"Anameza kila siku?"

Nikatoa kadi nikamwonyesha. Imejaa vema, hakuna hata siku moja iliyo wazi. Akaitazama, akanirudishia.

Siku ya sita mtoto akafa. Daktari akaniambia ni kifua kikuu kilichopanda kichwani, na mtoto mdogo hivyo huwa amekipata kwa mtu wa karibu. Mume wangu alikuwa nje. Nilipotoka nikamwambia, "Wamesema ni homa ya kichwa."

Msibani kaka yake mkubwa akauliza, huyu mtoto alikuwa anakula kwa nani? Wakataja Mama Nyangeta, wakasema ndiye aliyemroga. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo mkekani. Neno moja tu lingetosha, sikulisema. Wakaenda mchana kweupe wakabomoa nyumba yake. Akaja kusimama mbele yangu na mtoto mgongoni.

"Mama Rebeka, wewe unanijua. Waambie."

Nikajifunika kanga usoni.

Alikwenda Bugwema kwa miguu. Nasikia sifa hiyo ya uchawi ilimfuata mpaka huko, akafa hakuna jirani aliyekuwa anaomba moto kwake.

Mwaka uliofuata mume wangu akakohoa damu tena. Safari hii nilimsimamia. Anameza, anafungua mdomo, natazama chini ya ulimi, mpaka dawa zikaisha. Hakubisha hata siku moja. Wala hakuniuliza kwa nini nimekuwa mkali hivyo. Mpaka leo hatujalizungumza, na sijui yeye moyoni anajua nini.

Sasa mjukuu wangu, muuguzi huko Nyakato, kapata mchumba. Tulipoulizia ukoo, kumbe baba wa kijana ndiye yule mtoto wa mgongoni. Mume wangu akasimama: "Damu ya mchawi haiingii hapa nikiwa hai!" Mjukuu analia, ananiambia, "Bibi, ongea naye, wewe anakusikiliza."

Wiki iliyopita kijana mwenyewe alikuja. Akanipa shikamoo, akakaa chini, akauliza kwa adabu: "Bibi, wewe ulikuwepo. Ni kweli bibi yangu alimuua mtoto wenu?"

Nikamjibu kwamba ni zamani, sikumbuki.

Hapo ndipo nilipojiona mimi ni mtu gani.

Mzee wangu ana karibu miaka themanini na presha juu, na hata dawa za presha mpaka nimkazie macho ndiyo anameza. Daktari amesema asipate mshtuko. Nikisema kweli, nitakuwa namwambia baba kwamba mwanawe alikufa kwa ugonjwa wake yeye, na mimi nilijua. Inaweza kumuua. Nikinyamaza, Mama Nyangeta anabaki mchawi hadi kwa vitukuu, na hawa watoto wawili wanaachana kwa uongo wangu.

Kikao cha ukoo ni Jumapili. Wanangu, kama mna matusi nitukaneni tu, ila na ushauri mnipe. Nianzie kwa mzee tukiwa wawili, au niseme mbele ya wote, yule kijana akiwepo asikie?