Fundi wa Nyumba ya Maiga

Djenné, mji wa kale nchini Mali, kila nyumba ya udongo ina ukoo wake wa waashi. Mwashi mwingine haigusi mpaka yule wa ukoo atamke kwa kinywa chake, "Nimeiacha." Almamy Yonou, ambaye baba na babu zake waliitunza nyumba ya kina Maiga, alikuwa amekataa kutamka hivyo tangu Ramadhani.

Hasseye Maiga alirudi kutoka Bamako, alikokuwa akiuza vipuri, akataka kuibomoa nyumba ya babu yake ajenge ya saruji. Alimpelekea Almamy kokwa za kola, zawadi ya kutafuna ya kumwombea mzee jambo, mara mbili. Mara mbili zikarudishwa. Akaleta mwashi kutoka Mopti. Yule mgeni alipomkuta Almamy ameketi kizingitini, alivua viatu.

"Baba, umeiacha?"

"Sijaiacha."

"Basi mimi sikufika hapa." Akavaa viatu, akaenda zake.

Hasseye akacheka cheko la hasira. "Sawa, mzee. Sibomoi. Lakini na ule udongo wa kukinga mvua sipaki mwaka huu. Mvua itanifanyia kazi bure."

Almamy akaenda ofisi ya serikali ya kuhifadhi majengo ya kale. Kadidia Touré, ofisa wa hapo, alimfungulia kitabu cha sheria.

"Sheria inakataza kubomoa, baba. Kuhusu kutelekeza haisemi kitu."

"Mtu akimnyima mama yake chakula, utasema mradi hakumpiga?"

Kadidia akainamisha macho. "Nitaandika barua wizarani, Bamako."

"Ya mwaka jana imejibiwa?"

"Bado."

Almamy alitoka bila kuaga. Anayeuacha ukuta wa wazee wake uyeyuke ili asishitakiwe kwa kuubomoa ni mbomoaji vilevile, na sheria isiyoliona hilo inamsaidia.

Alichimba shimo mbele ya nyumba, penye njia ya kwenda soko la Jumatatu. Akachanganya udongo na makapi ya mpunga, akauacha uchachuke wiki mbili. Harufu ikamfuata Hasseye mpaka kitandani.

"Mzee, umeunukisha mtaa mzima! Nani kakutuma? Sikulipi hata faranga!"

"Nimekuomba? Zile kola zako ungezitafuna mwenyewe, labda zingekuamsha."

Wanawake wa sokoni wakaangua kicheko. Kadidia, aliyekuwa akipita na daftari lake, akasimama.

"Nitakushitaki!"

"Nishitaki. Kadidia, mwanangu, sogea uandike: Almamy Yonou anashitakiwa kwa kuitunza nyumba ambayo serikali inasema ni ya kutunzwa. Hiyo ndiyo barua ya kupeleka Bamako. Waambie sheria yao ina tundu, na mimi naliziba kwa mikono."

Kadidia akaandika, amesimama juani. Kisha akamgeukia Hasseye. "Na wewe kaka, niandike kwamba umeshitaki?"

Hasseye aliwatazama majirani. Akapunga mkono kukataa.

Almamy akabeba kikapu cha udongo, akapanda kwa kukanyaga miti iliyochomoza ukutani, mpaka pembe ya juu inayopigwa na mvua kwanza.

"Na mwakani?" Hasseye akapaza sauti kutoka chini.

"Mwakani sijaiacha. Sogea, udongo utakudondokea."