Nyapara Alipokuwa Mkwe

Meneja mzungu wa shamba la kahawa lililokuwa jirani na Nanyala aliamini kwamba mwizi hujulikana kwa macho. Msimu wa kuchambua kahawa ulipofika, wanawake walioomba kazi walipangwa mstari mbele ya ghala, naye akawapitia mmoja mmoja akiwaambia, "Tazama mimi." Aliyemtazama aliandikwa. Aliyeinamisha macho alirudishwa kwao. Kwa kuwa kwetu Mbozi mtu mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa wake, shamba lile likawa linaajiri, kwa uangalifu mkubwa, wanawake wakorofi wa nchi nzima, kisha meneja akashangaa kwa nini hawamwogopi.

Mimi nilikuwa karani na mkalimani wake. Nilikuwa nasubiri kwenda chuo kikuu, na nilijiona msomi kiasi cha kutembea na kalamu sikioni hata Jumapili kanisani. Siri ya mstari ule nilimpa dada yangu.

"Mkodolee macho," nilimwambia.

"Kama namtazama mbuzi mgonjwa?"

"Hivyo hivyo."

Akaandikwa, kwa majaribio.

Aliihitaji kazi ile. Mume wake, mtu wa milima ya Ileje, alikuwa amevuka mpaka pale Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba, akanyamaza. Wakwe walitaka dada arudi Mbebe, kijijini kwao huko milimani, akalime mashamba yao na kumsubiri. Alikwisha kulima, alikwisha kusubiri. Mwanamke aliyefaulu majaribio alipewa kazi na chumba kwenye kambi ya wafanyakazi; aliyeshindwa alifunga mzigo. Kwa dada, kushindwa maana yake ilikuwa kupanda milima ile tena.

Mafunzo ya majaribio hayo hayakuwa na makuu. Ulikaa mezani, ukamwagiwa kahawa, ukatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, huku nyapara akipita nyuma yako akikukosoa. Dada alikuwa na vidole vyepesi na nilianza kupumua. Ndipo nyapara wetu akaacha kazi, meneja akaajiri mwingine, mzee mrefu aliyewahi kusimamia watu migodini. Huyu naye alichaguliwa kwa macho.

Asubuhi mzee alipoingia ghalani, dada alivuta kanga usoni, akapita chini ya meza, akatokea mlango wa nyuma. Mzee naye akayainua macho kwenye paa kana kwamba ameajiriwa kukagua mabati, akageuka, akatoka.

Alikuwa baba mkwe wake.

Kwa watu wa ile milima, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, wala hakai naye chumba kimoja. Dada aliolewa na desturi hiyo kama alivyoolewa na mume, na desturi ndiyo iliyobaki. Basi kila mzee alipoingia, dada alitoka; kila dada aliporudi, mzee alitoka. Hakuna aliyemfundisha dada, na mzee hakumfundisha mtu.

"Kaja kunichunguza," dada aliniambia jikoni kwa mama. "Wamemtuma."

"Labda anatafuta kazi tu."

"Mzee mwenye ng'ombe? Wewe soma vitabu vyako."

Meneja alikuwa na mashaka yake. Aliniita ofisini.

"Ile mwanamke nakimbia, nyapara naangalia juu. Wao naiba kahawa yangu."

Nikamweleza habari ya mkwe, kwa Kiingereza changu bora kabisa, chenye maneno marefu ambayo sasa nikiyakumbuka naona aibu. Alinisikiliza, kisha akaniuliza nimeyajuaje yote hayo.

"Ni dada yangu, bwana."

Nilitegemea neno hilo litamaliza ubishi. Meneja alinitazama machoni, nami, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikainamisha macho. Toka hapo tukawa wezi watatu.

Siku hiyohiyo jioni, kazi ilipokwisha, aliwapanga wanawake langoni na kumwamuru nyapara akung'ute kanga zao. Mzee aliwakagua wote akitazama pembeni kwa heshima. Alipofika kwa dada, aliyekuwa amekwisha kujifunika kichwa na kuupa ukuta uso, alisimama.

"Kagua!" meneja alisema.

"Huyu siwezi, bwana."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

"Mkwe sio kazi yangu. Kagua, au wote nafukuza!"

Mzee alivua kofia ya unyapara, akaiweka chini karibu na buti za meneja. "Basi kazi yako hii hapa."

Wale wanawake wakorofi, waliochaguliwa kwa macho, ndio waliotuokoa. Mmoja akapiga kelele, "Mzungu, unataka mzee amvue mwanawe? Tazama sisi!" Wakamzunguka dada, wakainua kanga zao kama uzio, na ndani yake wakamkung'uta wenyewe huku wakitaja kwa sauti walichokuta: kiazi cha kuchemsha, tena kimeng'atwa. Kahawa hakuna. Nilishusha pumzi kwa nguvu hata nikajishangaa; kumbe na mimi nilikuwa simwamini.

Meneja hakuomba radhi. Aliokota kofia, akamrudishia mzee na kumpeleka nje kwenye vichanja vya kukaushia, mbali na meza. Kesho yake aliniambia nimwandike dada kazi ya kudumu.

Mzee alinifuata baada ya hapo. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Karani, mwambie mwenzio kwamba sikutumwa na mtu. Ng'ombe walikufa kwa ugonjwa. Nilikuja kutafuta kama yeye."

Nikapeleka ujumbe. Dada alikuwa anapanga vyungu vyake kwenye chumba cha kambi.

"Ng'ombe wote?"

"Ndivyo alivyosema."

Alifikiri, akapakua ugali na maharage kwenye bakuli, akalifunika vizuri na kumpa jirani ampelekee mzee. Akafanya hivyo kila jioni, msimu mzima. Mkwe asilale njaa, alisema, halafu apate la kusema nyumbani.

Msimu ulipokwisha, mzee alirudi Mbebe peke yake. Habari zikatufikia kwamba aliwaambia ndugu zake mke wa mtoto wao ana kazi, ana chumba, na mtu asimsumbue.

Nilimkimbilia dada na habari hiyo njema. Alikuwa amekaa mlangoni pake, akichambua maharage kwa vidole vilevile vya ghalani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa huyu," alisema, "anataka nini?"